Magodoro Yangu Mikononi mwa Mtani

Nilichagua kuwa golikipa ili nisiende popote. Hilo naomba lieleweke mapema, maana watu wakisikia kwamba nimeidakia timu ya taifa ya mpira wa magongo, kwamba nimepanda ndege na kulala kwenye hoteli zenye kapeti, hudhani mie ni mtu wa safari. Mie ni mtu wa mkeka. Nipe Jumamosi, nipe chai ya rangi na ukuta wa kuegemea, nchi nyingine wagawane wenyewe.

Tulikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa hapahapa Temeke. Mwalimu wa michezo alikuja na fungu la magongo aliyopewa na wafadhili, akatutoa darasani mchana wa jua kali, akaanza kutukimbiza kama kuku wa sikukuu. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, hakuna nafasi ya mtu wa kusimama?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alininyooshea gongo kuelekea golini, nikaenda taratibu, na nilipofika nikakuta kivuli cha ukuta wa stoo kinafika mpaka kwenye nguzo ya kushoto. Nikasimama ndani yake nikiwatazama wenzangu wanavyohema. Nikajiambia, hapa ndipo kwangu, sitoki.

Kivuli kile ndicho kilichoniponza. Ukishakuwa kipa asiyetoka golini, watu wanadhani una moyo.

Kwa wasioujua mchezo huu, na katika mji huu ni karibu wote, maana ukisema unacheza magongo mtu anakuuliza umevunjika mguu upi, nieleze kidogo. Mpira wenyewe ni mdogo, unaenea kiganjani, mgumu kama ndimu iliyogeuka jiwe. Unapigwa kwa gongo lililopinda nchani, na ukipigwa na mtu aliyeamka vibaya nyumbani kwake, unakuja unalia. Kwa hiyo kipa anavishwa. Kofia ngumu yenye chuma usoni, kizibao cha kifuani, glovu kubwa, na miguuni anafungwa vitu viwili vinene vya sponji ngumu, kutoka juu ya goti mpaka kwenye kiatu. Majina yake rasmi yapo. Kwetu Yombo yaliitwa magodoro, na mie sikubishana.

Timu ya taifa ya wanawake, ambako kivuli kile kilinifikisha, ilikuwa na seti moja tu ya magodoro ya kuaminika. Ile nyingine panya waliifanyia kikao stoo, wakaimaliza. Hiyo moja ilikaa kwangu, kwa sababu kipa ndiye anayeijua mikanda yake na ndiye anayeivumilia harufu yake. Ikawa sheria ambayo hakuna aliyeitunga: aliye na magodoro ndiye kipa. Wachezaji wengine waliachwa kwenye kikosi, waliolewa, walihama, walikosana na kocha. Mie nani angeniacha? Magodoro yalikuwa yananing'inia kwetu.

Shule ilikwisha. Mie na hisabati tukaachana kwa amani, nikaajiriwa kwenye duka la vifaa vya shule na fotokopi huko Kinondoni. Jioni natoka dukani naelekea mazoezini, begi la magodoro mgongoni, linanizidi upana. Kiwanja chetu kilikuwa cha changarawe. Sasa, kwenye changarawe kipa halali. Ukijirusha mara moja, paja linabaki pale na wewe unakwenda nyumbani. Kwa hiyo nilijifunza kudaka nikiwa wima, kama mlinzi wa benki.

Kumbe wenzetu huko nje wanachezea kapeti la buluu, linalomwagiwa maji kabla ya mechi ili mpira uteleze. Siku ya kwanza tumefika uwanja wa namna hiyo, maji yakaanza kuruka kutoka pembeni, juu kabisa, yanameremeta. Sie tumesimama tunatazamana. Beki wetu wa kati, msichana wa Sinza mwenye mdomo mwepesi kuliko miguu, alitoka mbio hadi kwa mtu wa uwanja.

"Kaka! Kaka, bomba limepasuka! Fungeni, maji yanapotea!"

Yule mtu akamtazama kwa huruma ambayo sijaisahau. Kule kwetu maji yakitoka bombani, hata aliye msibani anainuka kwenda kukinga. Leo watu wanayamwaga chini ili mpira upite vizuri. Na katika mechi hiyo makipa wenzangu walikuwa wanajilaza na kuteleza kama samaki sokoni, mie nimesimama wima, mipira inapita chini yangu kama wageni wanaoijua nyumba.

Hivyo ndivyo nilivyoizunguka dunia. Nimefika nchi kadhaa na sijaona hata moja. Nimeona uwanja wa ndege, nimeona basi, nimeona chumba chenye kitanda cha mtu mwingine, nimeona goli. Wenzangu wakitoka kwenda kununua viatu, mie nabaki chumbani nimelala na mto wangu niliotoka nao Yombo. Ndiyo, nilikuwaga nabeba mto. Wakinicheka nawaambia, kichwa changu hakijui lugha za watu.

Kurudi ndiko nilikokupenda. Baba, karani wa reli mstaafu, alikuwa anakaa barazani na redio yake. Akiliona begi linaingia getini kabla yangu, anazima redio. Swali lake lilikuwa lilelile miaka yote.

"Mmefungwa?"

"Shikamoo, baba. Tumefungwa."

"Marahaba. Lakini umerudi."

Basi. Hajawahi kuuliza tumefungwa na nani. Anachukua begi, anakwenda nalo uani, anatoa kitu kimoja kimoja na kukitundika kwenye kamba ya nguo. Magodoro anayafunga kwa mikanda yake mwenyewe, kofia anaifunika juu ya mti wa kamba, na kila jua likisogea na yeye anayageuza. Hajaja uwanjani hata mara moja. Alisema mchezo ambao mtu anavaa hivyo ili asiumie, mzazi hana haja ya kuutazama.

Upande wa pili wa ukuta wa uani alikaa mtani wake. Kwa wale waliokulia nyuma ya mageti marefu, niseme: sie ni Wanyamwezi wa Tabora, yule mama ni Mzaramo wa hapahapa, na makabila haya mawili yanataniana tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe, kukunyang'anya sahani, kukuzuia njia. Ruhusa ambayo wewe huna ni ya kununa. Mama yule alikuwa anakaanga samaki sokoni, mnene, sauti ya kuitia watu ng'ambo, na harufu ya magodoro ilipovuka ukuta alikuwa haikosi.

"Mnyamwezi! Hiyo ni harufu ya mtoto au ya mzigo?"

"Ya mzigo," baba anajibu bila kugeuka. "Ingekuwa ya mtoto ungeshakuja kuikaanga."

"Nyie kubeba hamtaacha! Babu yenu kabeba pembe za watu, wewe umebeba mafaili ya reli, na huyu naye anabeba magodoro asiyolalia!"

Baba anacheka hadi anakohoa. Mie niko ndani nimenyoosha miguu ukutani, nasikia, nafumba macho.

Miaka ya mwishoni sikuwa nafumba kwa raha. Nilikuwa nimechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Nyonga ilikuwa inaamka saa nzima baada yangu. Kitandani nilikuwa nashuka kwa awamu, kama serikali inavyolipa. Dukani, mteja akitaka daftari la rafu ya chini namwambia limekwisha. Nilichokuwa nataka kilikuwa kitu kimoja: mtu aje ayachukue yale magodoro, aseme sasa ni yangu, mie nikae. Sikutaka kuagwa wala kupewa saa ya ukutani.

Nilimwambia kocha. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mstaarabu, msemaji taratibu, asiyekataa jambo.

"Sawa kabisa, dada," alisema. "Umefanya makubwa. Mlete wa kumkabidhi vifaa."

Nikamwambia tena msimu uliofuata. "Sawa kabisa, dada. Mlete wa kumkabidhi." Nikawazungukia wenzangu. Wakubwa walisema magoti, wadogo walisema sura. Beki wa Sinza ndiye aliyesema wazi. "Dada, nivae yale? Mie bado nataka kuolewa."

Nikampelekea baba malalamiko. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anageuza magodoro.

"Baba, nimechoka."

"Sasa waambie."

"Nimewaambia."

"Uliwaambia ukiwa umesimama au umekaa?"

Nikafikiri. Mara zote nilikuwa golini.

"Nimesimama."

"Basi hawajasikia. Mtu aliyesimama akisema amechoka nani atamwamini? Waambie ukiwa umekaa."

Nilidhani ananitania. Pengine alikuwa ananitania.

Baba alifariki asubuhi moja, baada ya kuugua muda mfupi kiasi kwamba majirani wengine walisikia ugonjwa na msiba pamoja. Timu ilikuwa inajiandaa kusafiri wiki hiyohiyo kwenye mashindano nchi jirani. Kocha alinipigia simu, akanipa pole ya kweli. Kisha akakohoa, na mie nikajua kinachokuja.

"Na vifaa viko salama, dada?"

"Viko salama, kocha. Havijaumwa."

Simlaumu. Kikosi bila kipa hakipandi basi.

Siku ya kuzika, mtani alilia kuliko sisi wote. Alipomaliza kulia akajifuta kwa kanga, akaenda kujilaza mlangoni. Wanaume wameshika jeneza wanataka kutoka, yeye amelala kizingitini.

"Haondoki! Haondoki huyu mpaka akubali kwamba Mzaramo ndiye aliyempokea mjini!"

Shehe akatazama juu, kama mtu anayesoma bei ya kitu ukutani. Kaka yangu akatoa paketi ya majani ya chai mfukoni, aliyokuwa ameshaandaa maana mambo haya tunayajua, akampa. Mtani akainuka, akaweka mkono wake juu ya jeneza, akasema polepole, "Haya, mtani, nenda." Kina mama wakaanza upya.

Siku ya kuanua matanga ndiyo siku yao hasa. Baada ya kisomo, watu wameshakula, masufuria yanasuguliwa uani, mtani akatoka chumbani amevaa koti la reli la baba na miwani yake, anatembea kwa kuvuta mguu wa kulia vilevile kama marehemu. Akakaa barazani, akawasha redio ambayo haipo, akaizima. "Mmefungwa?" akauliza hewani, kwa sauti nzito. Mama yangu, aliyekuwa hajatabasamu tangu asubuhi ile, alifunika uso kwa ushungi na mabega yakaanza kutikisika, na sikuweza kujua ni kicheko au ni nini. Nadhani hata yeye hakujua.

Kisha mtani akapotea. Aliporudi, uani kukalipuka kelele.

Alikuwa amevaa magodoro. Mwili ule wa muuza samaki, gauni limepandishwa na kufungwa kibwebwe, magodoro miguuni mikanda ikining'inia, kofia ya chuma kichwani juu ya ushungi. Akaja anatambaza miguu kama bata aliyeshiba, akasimama katikati ya ndoo mbili za maji, akatanua mikono.

Nilijua ni mie naigizwa. Nikacheka kwa aibu, nimekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Shangazi wakanigeukia, "Wewe huyo! Wewe kabisa!" Nikawaambia mie si mnene hivyo.

Lakini sauti iliyotoka ndani ya ile kofia haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba.

"Rusha nyingine, mtani! Hiyo ilikuwa ndogo!"

Kicheko kikapungua. Mtani akavua kofia, uso unamtiririka jasho, akatutazama mmoja mmoja.

"Kumbe hamjui? Nyie mkienda makazini, huyu mzee alikuwa anavaa haya. Anasimama hapahapa. Mie niko juu ya kiti, upande wangu wa ukuta, namrushia ndimu."

Sote tukamgeukia mama. Mama akashusha ushungi.

"Mie aliniambia anayaanika," alisema.

"Alikuwa anayaanika, akiwa ndani!" Mtani akakaa kwenye ile ndoo ya baba iliyopinduliwa, ikalalamika. "Basi siku moja akachoka mapema. Akakaa hivi nilivyokaa. Akaniambia, mtani, haya mambo mazito, huyu mtoto anabebeshwa. Nikifa, siku ya msiba wangu, yateke. Na wasikudanganye kwa soda. Usimrudishie."

"Muongo wewe!" shangazi mmoja akapiga kelele kutoka kwenye masufuria.

"Muongo ni babu yako, aliyesema anashuka pwani mara moja akauze pembe, mpaka leo mmejaa hapa!"

Watu wakacheka, na jambo likapita. Mie halikunipita. Niliyatazama yale magodoro yaliyobana miguu ile minene, nikajaribu kumwona baba ndani yake. Kwa upande mmoja, baba hakuwa mtu wa kuvaa vitu vya watu. Kwa upande mwingine, mara kadhaa nilikuta mikanda imefungwa kwenye tundu ambalo silo langu, nikadhani ni kuchoka kwangu. Na maneno ya mtani msibani huwezi kuyaweka kwenye mizani. Kazi yake siku ile ni kusema uongo, na marehemu hawezi kuitwa. Usipomwamini huna ushahidi, ukimwamini huna ushahidi vilevile.

Alasiri kocha akafika na wachezaji wenzangu, wamejifunga mitandio, wamebeba sukari na mchele. Wakatupa pole, wakaketi, wakala. Kocha alisubiri heshima zote ziishe ndipo akainama karibu yangu.

"Dada, samahani sana. Tunaondoka keshokutwa. Kama utaweza kuja, timu itashukuru. Kama hutaweza... vifaa."

"Vimetekwa, kocha."

"Na nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Mtani alikuwa bado kwenye ndoo, magodoro miguuni, anakula wali.

Kwao kocha utani upo, ila si wa namna hii, na si pamoja na Wazaramo. Akaenda akasimama mbele yake, akasalimia vizuri, akaeleza kwamba vile ni vifaa vya timu ya taifa. Mtani akaendelea kutafuna. Kocha akaeleza tena, polepole zaidi. Kisha, kwa kuchoka maana na yeye alikuwa na wiki mbaya, akafanya kosa ambalo mtoto yeyote wa uani kwetu asingelifanya. Alikunja uso.

"He!" Mtani akaweka sahani chini. "Amenuna! Msiba wa mtani wangu, mtu amekuja kuninunia! Sasa bei imepanda."

"Mama, nitakuletea kreti la soda."

"Soda ninywe nidake? Baba, sikiliza. Haya yatatoka getini yakiwa yamevaliwa. Atakayeyataka ayavae, asimame hapa, nimrushie ndimu kama nilivyomrushia mwenyewe. Na asiwe huyu." Akaninyooshea kijiko. "Huyu amekaa."

Kocha akanigeukia, uso wake unaomba. "Dada, mwambie."

Wote wakanitazama. Wenzangu, shangazi, mama. Nilikuwa nimekaa kweli. Mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha, mikono mapajani. Nyonga ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza wiki ile. Sikuinuka. Nilitaka kuinuka, adabu ilinivuta, kocha ni kocha, lakini sikuinuka.

"Kocha," nikasema, "nimechoka."

Maneno yaleyale. Sikuongeza hata moja. Nikaona yanamfikia. Akavua kofia yake, akaipapasa, akasema, "Pole, dada. Umechoka siku nyingi."

"Siku nyingi."

"Na safari?"

"Mie sina magodoro. Asiye na magodoro si kipa."

Hapo ndipo macho yote, bila mtu kuambizana, yakamwangukia beki wa Sinza. Alikuwa anakula tikiti pembeni.

"Msinitazame," alisema. "Jamani. Msinitazame hivyo, mie nimekuja msibani."

Wenzake walishamshika. Mtani akayavua magodoro, akamfunga mwenyewe, anavuta mikanda kama anafunga mbuzi. Kofia ikamwingia vizuri kuliko ilivyowahi kuniingia mie. Akasimamishwa katikati ya ndoo. Mtani akachukua bakuli la ndimu zilizobaki jikoni.

Ya kwanza ilimpata kwenye chuma cha uso, akapiga ukelele, watu wakamzomea. Ya pili ikapita, ikazama kwenye ndoo. Ya tatu mtani aliirusha kwa nguvu zake za sokoni, chini, upande wa kulia, na yule msichana akatoa mguu bila kufikiri, ndimu ikaruka ukuta mpaka kwa mtani kulekule. Niliuona ule mguu. Mie ule mguu niliutafuta misimu mingi sikuupata.

Akabaki amesimama, anashangaa. Kisha akainama kidogo, akatanua mikono.

"Rusha nyingine," alisema. "Hiyo ilikuwa ndogo."

Mama yangu akaingia ndani. Mtani mwenyewe ilibidi ageuke, ajifanye anachagua ndimu.

"Ila ni safari hii tu!" beki alipiga kelele wakimtoa getini, magodoro miguuni, maana bei ni bei. "Nasema safari hii tu, mmenisikia?"

Mie pia nilisema hivyohivyo. Sikumwambia. Nilimtazama anavyojaribu kupanda bajaji, miguu haikunjiki, wanamwingiza kwa mgongo kama kabati, mtaa mzima umesimama.

Walikwenda bila mie. Nilifuatilia kwenye kundi la WhatsApp, nimelala kwenye mkeka, chai pembeni. Ndiyo maisha niliyoyaomba. Ajabu yake ni kwamba nilidhani nikikaa, uchovu utaondoka. Kumbe uchovu na wenyewe ni mtu wa nyumbani, ukiupa mkeka unajinyoosha. Nyonga bado inaamka baada yangu. Ukuta wa uani nao, pale kwenye msumari yalipotundikwa yakishakauka, ulikuwa na alama mbili nyeupe za magodoro, na kila nikipita na ndoo nazitazama kama ninayemdai mtu.

Wiki iliyofuata bajaji ikasimama getini. Begi likaingia kwanza, halafu beki nyuma yake, amechubuka kiwiko, macho mekundu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mmefungwa?"

"Tumefungwa."

"Lakini umerudi."

Alinitazama kama nimesema jambo. Kisha akaangalia chini, akalisukuma begi kwa mguu.

"Dada, mie kwangu Sinza chumba kimoja, huku baa, huku gesti. Hakuna hata kamba. Nimeyaweka chini ya kitanda usiku mmoja, mwenye nyumba akadhani kuna kitu kimekufa."

Nilichukua begi, zito vilevile, nikaenda nalo uani. Nikayatoa. Nikayafunga kwenye kamba kwa mikanda yake, kofia nikaifunika juu ya mti, nikapindua ndoo, nikakaa. Beki akalala kwenye mkeka wangu bila kukaribishwa, viatu miguuni, akaanza kukoroma. Jua likasogea, nikayageuza.

Harufu ikavuka ukuta.

"Mnyamwezi!" Kichwa cha mtani kikachomoza. "Nilikutua mzigo mbele ya watu, na umeubeba tena?"

"Sibebi, mtani," nikamjibu. "Naanika tu."

Alinitazama, akaitazama ndoo niliyoikalia, akayatazama magodoro.

"Haya," alisema. "Hata yeye alianza kwa kusema hivyohivyo."